Madeni ya Kitabu cha Mwisho

Saa sita usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2008, maduka ya vitabu nchini Marekani yaliacha taa zikiwaka. Waliopanga foleni walikuwa wamesubiri karibu mwaka mzima kujua kama Bella Swan, msichana wa mji mdogo wa mvua uitwao Forks, angeolewa na Edward, kijana vampaya, na kama baada ya ndoa angebaki binadamu. Kitabu chenyewe ni Breaking Dawn, cha nne na cha kufunga mfululizo wa Twilight wa Stephenie Meyer. Siku ya kwanza pekee ziliuzwa nakala milioni 1.3 Marekani. Haukupita muda, baadhi ya wasomaji wale wale wakaanza kuhimizana wakirudishe dukani na kudai fedha zao.

Ajabu ni kwamba kitabu hicho hakiishii kwenye msiba. Bella anaolewa, anapata mtoto, anakuwa vampaya mzuri mwenye nguvu. Baba yake anabaki naye, rafiki yake anabaki naye, maadui wanageuza njia na kwenda zao. Msomaji wa mapenzi angetaka nini zaidi? Mimi nilisoma nakala ya kuazima, pembe zimeshachakaa, kwa siku tatu. Nilipoifunga nilijisikia kama mtu aliyealikwa karamu, akala kila kilichowekwa mezani, akaondoka na njaa. Imenichukua miaka kuelewa njaa ile ilitoka wapi.

Kilichonifumbua macho ni mwaka 2013. Mwaka huo mifululizo mingine miwili iliyopendwa sana ilifungwa, mmoja mwezi Mei, mwingine Oktoba, na hasira zikarudi zile zile, lakini kwa sababu tofauti kabisa. Katika mmoja msichana anakufa. Katika mwingine anapata furaha yake, ila kwa mwanamume ambaye wasomaji wengi hawakumtaka. Ukiiweka miisho hii mitatu kwenye meza moja, unaanza kuona ugonjwa ni mmoja. (Nitafichua miisho yote. Asiyetaka kuijua asiendelee.)

Tuanze na utanzu wenyewe. Fantasia ya mapenzi ni riwaya ya mahaba iliyowekwa ndani ya ulimwengu wa vampaya, majini, majoka au uchawi. Ni maneno mawili, na kila neno limekuja na ahadi yake. Ahadi ya mahaba imeandikwa mahali pengi. Chama cha waandishi wa Marekani, Romance Writers of America, kinaitaja kwenye maana yake ya riwaya ya mahaba: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Wasomaji wa mahaba wanailinda ahadi hii kama waumini. Wako tayari kulia kurasa mia nne kwa sababu wanajua ukurasa wa mwisho hautawaacha wakilia.

Ahadi ya fantasia ni nyingine. Yeyote aliyekua akisikiliza hadithi za majini anaijua bila kufundishwa: jini hakupi kitu bila sharti. Ukipewa pete ya kutimiza matakwa, kuna siku utadaiwa. Nguvu ina bei, na bei hutajwa mapema ili msikilizaji akae roho juu akingoja siku ya kulipa.

Ahadi ni deni, na mwandishi wa fantasia ya mapenzi amejifunga kwa wadai wawili. Mmoja anataka alipwe kwa furaha, mwingine anataka alipwe kwa hasara. Katika kitabu cha kwanza, cha pili na cha tatu anaweza kuwazungusha. Leo anampa huyu busu, kesho anampa yule kifo cha mhusika mdogo, na mwishoni anawaambia itaendelea. Kitabu cha mwisho hakina itaendelea. Wadai wote wawili wanabisha hodi siku moja, mlango mmoja, na fedha iliyomo mfukoni ni moja.

Sasa turudi Forks tuhesabu.

Bei ya Bella kuwa vampaya haikufichwa. Edward anaamini kwamba wao hawana roho tena, ndiyo maana anamkatalia kitabu hadi kitabu. Katika Eclipse, kitabu cha tatu cha mwaka 2007, gharama zinatajwa moja moja, na hizi ni kurasa bora kuliko zote alizoandika Meyer. Rosalie, dada wa familia ile ya vampaya, anamkalisha Bella chini na kumweleza alivyotamani mtoto, na jinsi mlango huo ulivyofungwa milele siku alipogeuzwa. Jasper, mwingine wa familia hiyo, anamsimulia vampaya wapya walivyo: watumwa wa kiu ya damu, hatari kwa yeyote aliye karibu, na hali hiyo huchukua mwaka na zaidi. Kuna Charlie, baba, ambaye atalazimika kumzika binti yake moyoni bila kujua amekwenda wapi. Kuna mapatano ya zamani na Waquileute wanaojigeuza mbwa mwitu: akiumwa binadamu mmoja tu, amani imekwisha. Na kuna Jacob, kijana wa Kiquileute anayempenda Bella, ambaye siku ya kugeuzwa kwake ndiyo siku ambayo wangekuwa maadui.

Breaking Dawn inafungua daftari hilo na kufuta mstari baada ya mstari. Mtoto? Bella anashika mimba akiwa bado binadamu, na tunaambiwa sasa kwamba vampaya wa kiume anaweza kuzaa. Kiu? Anaamka akiwa na uwezo wa kujizuia unaowashangaza hata wenyeji wake. Yuko msituni kwenye windo lake la kwanza, harufu ya binadamu inampiga, naye anageuka na kukimbia upande mwingine. Charlie anaelezwa machache, anakubali kutouliza mengi, anaendelea kuja kumbeba mjukuu. Mapatano yanavunjwa kwa ruhusa: Jacob ni mrithi wa Ephraim Black aliyeyaweka, na anampa Edward idhini. Jacob mwenyewe anapatwa na kile kinachowapata mbwa mwitu wa kabila lake, kufungamana kwa ghafla na mwenzi wa maisha, na anayefungamana naye ni mtoto mchanga wa Bella.

Hilo la mwisho liliwachukiza watu kwa sababu iliyo wazi, kwamba mtoto ni mtoto, na maelezo yote ya kwamba atakuwa kwanza kama kaka na mlezi hayafuti doa. Naungana nao. Lakini kuna jeraha la pili ambalo halitajwi sana. Jacob alikuwa na huzuni ya kweli, iliyojengwa kwa vitabu viwili, na huzuni ile ilistahili kuombolezwa. Badala yake ikazimwa kama taa. Sekunde moja anampenda Bella mpaka anataka kufa, sekunde inayofuata hampendi tena kwa namna ile, na hakuchagua chochote. Waliokuwa wamemsindikiza kijana huyo kurasa zaidi ya elfu moja walinyimwa hata matanga.

Kwa haki, damu ipo. Mimba ile inamvunja Bella mbavu, anakunywa damu ili mtoto asife, na kujifungua kwake kunatisha kuliko chochote kilichotangulia. Sehemu hiyo inasimuliwa na Jacob, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu hai kuliko zote, kwa sababu kwa kurasa kadhaa deni linaonekana kulipwa. Kisha siku chache zinapita, Bella anafumbua macho, na kila alichoumia kimerudi kwake na faida juu. Maumivu si hasara. Mtu aliyeumwa jino likapona hajalipa chochote. Msomaji wa fantasia anaijua tofauti hiyo hata asipoweza kuitaja.

Ndipo linapofika pambano la mwisho. Volturi, watawala wa vampaya, wanakuja kutoka Italia na jeshi lao. Pande zote zinakusanya mashahidi, kurasa nyingi zinatumika kufundisha watu kupigana. Halafu wanasimama uwanjani, wanazungumza, na Volturi wanaondoka. Anayeuawa mbele yetu ni Irina peke yake, vampaya yule yule aliyewapelekea Volturi habari za mtoto. Meyer alieleza baadaye kwamba hakutaka vita, alitaka pambano la akili, na mfano wake ulikuwa The Merchant of Venice ya Shakespeare. Alituachia hata dokezo: Alice, dada wa familia ile mwenye maono ya yajayo, anapotoroka, ujumbe wake anauandika kwenye ukurasa uliochanwa kutoka nakala ya Bella ya tamthilia hiyo.

Wazo hilo ni zuri, na wengi wetu tunaifahamu tamthilia hiyo kwa jina la Mabepari wa Venisi, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Lakini hebu kumbuka kinachotokea katika mahakama ile. Kisu hakikati nyama ya mtu, kweli. Hata hivyo mmoja anatoka akiwa amevunjika: Shylock anapoteza nusu ya mali, anapoteza kesi, analazimishwa kuacha hata dini yake. Tunaweza kubishana juu ya haki ya hukumu hiyo, na watu wamebishana karne nyingi, ila hakuna anayetoka pale akisema hakuna aliyelipa. Kiongozi wa Volturi, Aro, anatoka uwanjani na joho lake halina hata tone.

Kwa nini mwandishi aliyetaja bei kwa ufasaha namna ile katika kitabu cha tatu aisahau katika cha nne? Hapa ndipo historia ya uandishi inapotusaidia. Meyer aliandika Twilight mwaka 2003, ikatoka 2005. Kabla haijatoka alikuwa ameshaandika mwendelezo wake, alioupa jina la Forever Dawn, uliovuka haraka miaka ya shule na kuingia kwenye ndoa, mtoto na makabiliano na Volturi. Lakini Twilight ilikuwa imepata mchapishaji wa vitabu vya vijana, na hadithi ya vijana haiwezi kuruka ujana. Akarudi nyuma, akaandika New Moon na Eclipse kuziba pengo. Breaking Dawn ilipoandikwa, mifupa yake ilikuwa ya Forever Dawn. Mwenyewe amesema kwamba msingi wa hadithi haukubadilika.

Yaani mwisho ulitangulia katikati. Hili, kwangu, linaeleza karibu kila kitu. Forever Dawn ilikuwa mwisho wa hadithi fupi ya furaha, ambamo gharama hazijawa nzito. Kisha zikaingia riwaya mbili zilizokopa na kukopa: huzuni ya Jacob, uchungu wa Rosalie, hofu ya Jasper. Deni likakua mara tatu, na fedha iliyotengwa kulilipa ilikuwa ile ya mwanzo. Wasomaji waliokuwa wamezisoma New Moon na Eclipse walifika mlangoni na hati ya deni ambayo mwisho ule haukuwahi kuijua.

Ushahidi wa mambo haya ulitolewa na sinema. Filamu ya mwisho ilitoka Novemba 2012, na ilipofika uwanjani, vita vikaanza. Carlisle, baba wa familia, anakatwa kichwa. Jasper anakufa. Mbwa mwitu wawili wanakufa. Watu walipiga kelele kumbini. Kisha picha inarudi nyuma, na tunagundua kwamba yote yalikuwa maono ambayo Alice alikuwa akimwonyesha Aro. Sinema iligundua njaa ya msomaji, ikamwonjesha hasara kwa dakika chache, ikairudisha jikoni. Wapo walioona ni hila. Mimi naona ni maelezo bora kuliko uhakiki wowote nilioandika hapa: waliotengeneza filamu walijua hasa ni nini kilichokosekana.

Sasa, kama kosa ni kutolipa bei, basi mwandishi na alipe. Veronica Roth alilipa.

Mfululizo wake wa Divergent si fantasia kwa maana kamili, ni hadithi ya Chicago ya siku zijazo iliyogawanywa katika makundi matano, lakini wasomaji wake ni wale wale na mapenzi ya Tris na Tobias yalibeba uzito ule ule. Kitabu cha tatu, Allegiant, kilitoka tarehe 22 Oktoba 2013 na kuuza nakala 455,000 siku ya kwanza. Vitabu viwili vya mwanzo vilisimuliwa na Tris peke yake. Hiki kinasimuliwa kwa zamu, yeye na Tobias. Msomaji mwenye jicho kali alianza kutetemeka ukurasa wa kwanza: msimulizi wa pili anatafutiwa nini, kama si kwa ajili ya siku ambayo wa kwanza hatakuwepo? Na kweli Tris anakwenda badala ya kaka yake aliyemsaliti, anaishinda sumu iliyopaswa kumuua, kisha anapigwa risasi. Sura zinazofuata ni za Tobias.

Roth alipokea hasira nyingi mno, akaandika maelezo marefu kwamba mwisho huo alikuwa nao tangu mwanzo na kwamba ulitokana na Tris mwenyewe. Namwamini. Mama yake Tris alijitoa kwa ajili yake katika kitabu cha kwanza. Katika cha pili Tris anajipeleka kwa maadui, lakini kwa kuchoka na hatia zaidi kuliko kwa upendo. Katika cha tatu anajua tofauti. Mstari umenyooka. Mdai wa fantasia amelipwa mpaka senti ya mwisho.

Mdai wa mahaba hakupewa hata salamu. Hilo lingeweza kusameheka, maana zipo hadithi kuu za mapenzi zinazoishia kaburini. Kilicholiharibu jambo, nadhani, ni kile kilichonunuliwa kwa bei ile. Ndani ya Allegiant tunatolewa nje ya mji na kupelekwa kwenye ofisi za serikali katika uwanja wa zamani wa ndege wa O'Hare. Huko tunaelezwa kwamba makundi yote, mapambano yote, yalikuwa sehemu ya jaribio la vinasaba. Maelezo ni marefu na hayashiki, na wale wa ofisini hatujawazoea. Kisha Tris anakufa ili dawa ya kufuta kumbukumbu isambazwe kwa watu hao. Mama anayekufa kwa ajili ya mwanawe, tunalia naye. Msichana tuliyempenda akifa kwa ajili ya mpango wa ofisi tuliyoijua kwa kitabu kimoja tu, machozi yanachanganyika na swali: kwa hiki? Bei ilikuwa kubwa, ila mzigo haukuonekana kuistahili.

Mwezi Mei wa mwaka huo huo kulikuwa na kisa cha tatu, nacho ndicho kinachonigusa kuliko vyote, kwa sababu hapa naona mwandishi alikuwa sahihi na bado wasomaji walikuwa na haki ya kuumia.

Charlaine Harris alianza hadithi za Sookie Stackhouse mwaka 2001. Sookie ni mhudumu wa baa katika mji wa kubuni wa Bon Temps, Louisiana, anayesikia mawazo ya watu kichwani mwake, na anawapenda vampaya kwa sababu mawazo yao hayasikiki, kwao anapumzika. Vitabu vilifika kumi na tatu. Mwaka 2008 vikawa tamthilia ya televisheni, True Blood, na tangu hapo Eric Northman, vampaya mrefu wa Kiskandinavia, akawa mume wa mioyo ya maelfu ya wasomaji. Katika kitabu cha mwisho, Dead Ever After, Eric anafungwa na mkataba wa ndoa na Freyda, malkia wa vampaya wa Oklahoma, na Sookie anabaki na Sam, mwenye baa, mtu anayejigeuza mnyama, mtu wa mchana. Habari zilivuja kabla ya siku ya mauzo. Harris akaanza kupata vitisho.

Lakini ukirudi nyuma na kusoma kwa utulivu, njia imewekewa alama. Sookie ni mtu wa jua. Anapenda kulala uani akiota jua kiasi kwamba inakuwa mzaha ndani ya vitabu. Anataka watoto. Mara kwa mara anasema hataki kugeuzwa. Na kitabu cha kumi na mbili kinampa mtihani ulio safi kuliko wote: amerithi kito cha kichawi cha watu wa asili ya majini, kinachotimiza ombi moja tu la upendo. Eric anatarajia kitamwokoa na mkataba wa Freyda. Sam anauawa mbele ya macho ya Sookie, naye bila kufikiri anakitumia kumrudishia uhai. Ombi moja, mtu mmoja. Hapo hadithi imekwisha, kinachobaki ni kuieleza.

Kwa hiyo Harris aliwalipa wote wawili. Mahaba yalipata furaha, fantasia ilipata hasara, maana Sookie anampoteza Eric na utulivu wa mawazo yasiyosikika. Kwa nini watu wakaona wamedhulumiwa? Kwa sababu malipo yalifanyika kwa baridi. Eric, aliyejaa maisha katika vitabu vinane, tisa, kumi, anaondolewa jukwaani kwa lugha ya mikataba. Hasira yake ni ndogo, kwaheri yao ni finyu. Naye Sam hakupewa muda wa kugeuka kutoka rafiki hadi mpenzi mbele yetu. Tunaambiwa zaidi kuliko tunavyoonyeshwa. Deni lililipwa, ila lilisukumwa chini ya mlango usiku. Anayedai miaka kumi na miwili hutaka alipwe mkononi, atazamwe usoni.

Ugomvi wa "amempa mwanamume asiye sahihi" ni wa zamani kuliko vampaya hawa wote. Louisa May Alcott alipotoa sehemu ya kwanza ya Little Women, hadithi ya akina dada wanne, mwaka 1868, wasichana walimwandikia kumuuliza akina dada wale wangeolewa na nani, wakimtaka Jo, mmoja wao, aolewe na Laurie, kijana jirani. Aliandika katika shajara yake kwamba hatamwoza Jo kwa Laurie ili kumfurahisha mtu yeyote. Mwaka 1869 Jo akaolewa na Profesa Bhaer, Mjerumani wa makamo, na mpaka leo wapo wasiomsamehe. Dickens kabla yake alifanya kinyume: katika Great Expectations aliandika kwanza mwisho ambamo Pip na Estella wanaagana, rafiki yake mwandishi Bulwer-Lytton akamshauri aulainishe, naye akaulainisha.

Muda wa kusubiri nao una mchango wake, na hatuutaji vya kutosha. Kati ya kitabu na kitabu msomaji hakai bure. Anaandika mwisho wake mwenyewe, kichwani au kwa mkono, na wengine huusambaza. Fifty Shades ya E. L. James ilianza kama hadithi ya shabiki aliyekuwa akiwaandikia upya Bella na Edward. Kufikia siku ya kitabu cha mwisho, kila msomaji ameshaishi ndani ya mwisho wake kwa mwaka mzima, ameupamba, ameuzoea kama chumba cha kulala. Mwandishi anakuja na mwisho mmoja kushindana na laki kadhaa. Ndiyo maana hata mwisho mzuri huanza kwa kuuma. Harris alitoa baadaye, Oktoba 2013, kijitabu kiitwacho After Dead, orodha ya alfabeti inayoeleza kilichompata kila mhusika. Nilikisoma kwa huruma. Ni mtu anayejaribu kumaliza kulipa kwa sarafu ndogo ndogo, jina kwa jina.

Wasimuliaji wetu wa hadithi walikuwa na namna ya kufunga ambayo naikumbuka kila ninapoona mwandishi akitishwa: hadithi yangu imekwisha; ikiwa nzuri, ni yetu sote; ikiwa mbaya, ni yangu mwenyewe. Msimulizi anajitwika lawama kabla hajalaumiwa, na msikilizaji akishaambiwa hivyo anaweza kusema haikunipendeza bila kumchukia mtu. Kusema "umetuangusha" ni haki ya aliyesikiliza mpaka mwisho. Kumtisha aliyesimulia si haki ya mtu yeyote.

Mtoto wa dada yangu, aliye mwaka wa pili chuoni, sasa ameshikwa na vitabu vya Rebecca Yarros, vile vya wapanda majoka vilivyoanza na Fourth Wing mwaka 2023. Mwandishi amesema vitakuwa vitano, na cha tatu, Onyx Storm, kilitoka Januari 2025. Aliniuliza, "Mama mdogo, niendelee sasa au nisubiri vyote vitoke, nisije nikaumia kama nyinyi?" Nikamwambia aendelee, nami nitasoma naye, lakini tuwe na daftari. Kila bei ikitajwa tunaiandika. Kila ikilipwa tunapiga mstari.

Daftari limeshaanza kujaa, kwa sababu Yarros ni mkopaji mkubwa. Xaden, mpenzi wa Violet, msichana mhusika mkuu, mwishoni mwa kitabu cha pili amevuta uchawi kutoka ardhini na kuwa venin, kiumbe anayeharibika nafsi kidogo kidogo, na kitabu cha tatu kinafungwa akiwa bado hivyo. Mdai wa mahaba anasema lazima apone. Mdai wa fantasia anauliza: kwa bei gani, na nani atoe? Pia kuna majoka. Tairn wa Violet na Sgaeyl wa Xaden ni mume na mke, na tangu kitabu cha kwanza tumeambiwa uhai umeunganishwa: Violet akifa huenda Tairn akafa, Tairn akifa Sgaeyl hatabaki, na Xaden naye. Mwandishi ameufunga mlango ule ambao Tris alipitia. Bei itatoka upande mwingine.

Mstari wa kwanza wa daftari ni wa mwandiko wangu: Xaden, nani atamlipia? Chini yake mtoto wa dada yangu ameandika jina la Tairn, akalikata, kisha akaliandika tena kwa herufi ndogo.